Kodi na Kauli ya Mlipaji katika Uwanda wa Ruzizi

Utangulizi

Katika jimbo la Ohio, Marekani, baraza la mji haliwezi kupandisha kodi ya mapato ya mji huo kupita asilimia 1 bila ya kupata kwanza idhini ya wapiga kura. Baraza hupitisha azimio, azimio hupelekwa kwa bodi ya uchaguzi, na siku ya kura mkazi hukuta mbele yake swali linalotaja kiwango na kusudi la kodi inayoombwa. Mwezi Agosti 2009 wakazi wa Columbus waliulizwa kama wanakubali kodi yao ipande kutoka asilimia 2 hadi 2.5, nao wakakubali. Huko Uswisi nako, katika komini nyingi, kiwango cha kodi ya mapato hupitishwa na mkutano wa wananchi wenyewe. Wapo Wakongo waliopewa makazi Columbus na Dayton kama wakimbizi, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, ambao wakishapata uraia huulizwa ugenini jambo ambalo hawakupata kuulizwa kwao.

Makala haya hayakusudii kusimulia habari za Ohio. Yanalitwaa swali hilo kama kipimo cha kuitazamia historia ya Uvira na uwanda wa mto Ruzizi, hasa Luberizi na vijiji vinavyoizunguka, mahali ambapo watu wametozwa kwa zaidi ya karne moja bila ya serikali yoyote kuwauliza kwa kura kama wanaridhia kutozwa, kwa kiwango gani na kwa ajili ya nini. Inadaiwa hapa kwamba kutoulizwa huko si pengo la kisheria tu. Kumefanya kodi iwe, kwanza kabisa, alama ya kumtambua mtawala, na kumeiacha lugha ya walipaji bila ya maneno ya kutenganisha aina za malipo. Kwa hiyo baraza lolote la mji litakalojiandaa siku moja kuwauliza wapiga kura wa Uvira kuhusu kodi ya mapato litakuta kwamba kazi yake ya kwanza ni ya lugha na ya pili ni ya historia.

Hongo na itulo

Luberizi iko kaskazini ya Uvira, baina ya Sange na Luvungi, kando ya barabara iendayo Bukavu kwa njia ya Kamanyola. Kiutawala ni mojawapo ya makundi manne ya Sheferi ya Uwanda wa Ruzizi, pamoja na Kakamba, Kagando na Kabunambo. Wilaya ya Uvira ina sheferi nyingine mbili, ile ya Wavira na ile ya Wafuliiru. Ng'ambo ya mto ni Burundi. Uwandani husikika Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili. Na kwa kuwa Luberizi ina kambi ya jeshi, Kilingala nacho hakikosekani.

Kabla ya dola la kikoloni, malipo yaliyojulikana katika sehemu hizi yalikuwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa hongo, yaani kile alichotoa mwenye msafara ili apite au akae katika nchi ya mtawala fulani. Wafanya biashara waliotoka pwani na Ujiji walifika Uvira kutafuta pembe na watumwa kabla ya Burton na Speke kufika huko Aprili 1858, na baadaye Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, alitandaza nguvu zake katika upande wa kaskazini wa ziwa. Wasafiri wote wa wakati huo wanalalamika juu ya hongo. Lakini malalamiko yao yenyewe yanaonyesha sifa moja ya malipo hayo ambayo mara nyingi husahauliwa: hongo ilijadiliwa. Mwenye msafara alitaja vitambaa kadhaa, mtawala akakataa, wajumbe wakaenda na kurudi, na siku zikapita. Haikuwa haki, maana mwenye bunduki nyingi alilipa kidogo na mnyonge alilipa zaidi. Hata hivyo palikuwa na pande mbili zilizosema.

Namna ya pili ilikuwa itulo, tunu ambayo watu walimpelekea mwami, na ambayo wafugaji walitoa kwa ajili ya malisho. Itulo haikufa pamoja na ujio wa Wabelgiji wala haikufa pamoja na kuondoka kwao. Mpaka miaka ya karibuni, katika nyanda za juu na katika uwanda, madai ya itulo kati ya watawala wa jadi na wafugaji, wakiwemo Wanyamulenge, yamekuwa miongoni mwa mambo yanayochochea ugomvi. Thamani ya ng'ombe anayetolewa ni sehemu tu ya ugomvi huo. Mwenye kutoa itulo kwa mwami fulani anakiri kwamba ardhi anayolishia ni ya mwami huyo. Mwenye kukataa anakana. Huo ndio mzizi wa jambo linalojitokeza tena na tena katika historia ya uwanda huu: kulipa ni kukiri.

Kodi ya kichwa

Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II lilitoza kwa jasho. Sheria ya mwaka 1903 iliweka kodi ya kazi ya saa 40 kwa mwezi, ingawa katika maeneo ya mpira kipimo hicho kilibaki karatasini. Ubelgiji ilipolitwaa koloni mwaka 1908 ililazimika kuonyesha kwamba mambo yamebadilika, na mwaka 1910 ikatoa sheria mbili zilizokwenda pamoja: moja iliyoziweka sheferi katika mfumo wa utawala, na nyingine iliyoweka kodi ya wenyeji ya kulipwa kwa fedha. Ulinganifu wa mwaka si wa bahati. Chifu aliyetambuliwa na serikali alitakiwa kuwa mkono wa kukusanyia, naye akapewa fungu katika makusanyo. Mwaka huohuo Ubelgiji na Ujerumani zilipatana juu ya mpaka, na mto Ruzizi, ambao watu waliuvuka kwenda kuoa, kulisha na kuuza, ukawa mstari kati ya koloni mbili zenye kodi mbili.

Palikuwa pia na kodi ya ziada kwa mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja. Hapa panafaa kutua kidogo. Mtozwaji wa msingi alikuwa mwanamume mzima mwenye afya, na daftari la watu liliandikwa kwa ajili yake. Serikali ilihesabu vichwa ili ivitoze. Kwa vizazi viwili au vitatu, mkutano wa kwanza wa mwanakijiji wa uwandani na karatasi ya dola ulikuwa ni jina lake kuandikwa katika daftari la kodi. Mtu aliyefikia umri na jina lake likakosekana alikuwa mtoro. Mtu aliyelipa alipewa ushahidi wa malipo, na bila ya ushahidi huo safari ya kwenda Uvira au Bukavu ilikuwa ya mashaka. Kodi ya mapato, kwa maana ya kumtoza mtu kulingana na alichokipata, haikuwa jambo la wenyeji wa uwandani. Ilikuwa ya kampuni, ya Wazungu na, baadaye, ya watu wachache wenye mishahara. Wengi walitozwa kwa sababu ya kuwapo.

Fedha ya kulipia ilitoka wapi? Hili nalo halikuachiwa mlipaji. Amri ya mwaka 1917 ilimlazimisha mwanakijiji kufanya kilimo cha lazima hadi siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku hizo ziliongezwa kufikia 120. Uwanda wa Ruzizi, kwa joto lake na udongo wake, ulichaguliwa kuwa nchi ya pamba. Mkulima alipanda pamba kwa amri, aliiuza kwa kampuni iliyopewa eneo, kwa bei ambayo hakuipanga, akapokea faranga, na sehemu ya faranga hizo akairudisha kwa chifu kuwa kodi. Sheria ya Desemba 1933 ilizipa sheferi hazina zao na kuziruhusu kuongeza nyongeza yao juu ya kodi ya serikali, kwa hiyo mlipaji mmoja akawa na wenye kumdai wawili. Miaka ya 1950 ikaleta mashamba yaliyopimwa, mifereji na kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichofanya kazi hadi vita vya mwaka 1996 vilipokifunga. Mwenye kuandika historia ya maendeleo ya uwanda ana haki ya kutaja mifereji hiyo, lakini hana budi kutaja pia kwamba hapakuwa na baraza lolote ambamo mlipaji aliulizwa kama anautaka mfereji au shule.

Kura zilizopita kando

Ni katika miaka ya mwisho ya ukoloni tu ambapo neno kura lilianza kuwa na maana kwa Mkongo wa kawaida, na hata hapo lilianzia mijini. Sheria ya Machi 1957 juu ya miji iliruhusu wakazi wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville kuchagua washauri wa komini mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 1958 Bukavu ilikuwa miongoni mwa miji iliyofuata. Mabaraza hayo yalikuwa ya ushauri, wanawake hawakupiga kura, na burugumesta aliteuliwa na serikali baada ya baraza kupendekeza jina. Uvira haikuwamo katika orodha ya miji. Huko Kongo ya Chini, baada ya ghasia za Januari 1959, watu wengi waliacha tu kulipa kodi, na serikali ya kikoloni ikagundua kwamba haina njia ya kuwalazimisha umma mzima. Kauli ya mlipaji ilipatikana hapo kwa kukataa, kwa kuwa hakuna aliyemtaka aikubali.

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulipokelewa na wengi kama mwisho wa kodi. Ahadi za kampeni zilichangia, lakini hata bila ahadi mantiki ilikuwa wazi: ikiwa kulipa ni kumkiri mtawala, basi mtawala akiondoka malipo yameondoka naye. Katika uwanda wa Ruzizi hesabu hiyo haikutimia. Machifu walibaki na madaftari yakabaki. Ugomvi juu ya uhalali wa machifu ulizidi, na katika usultani wa Wafuliiru palizuka mpasuko mkubwa kati ya upande wa mwami Henri Simba na upande uliomfuata Musa Marandura. Katika majira ya masika ya mwaka 1964 mpasuko huo uliungana na uasi mkubwa uliokuwa ukitayarishwa kutoka Bujumbura na viongozi wa Baraza la Taifa la Ukombozi, akiwemo Gaston Soumialot. Tarehe 15 Mei 1964 Uvira ilianguka mikononi mwa waasi.

Si sahihi kusema kwamba uasi wa 1964 ulikuwa uasi wa kodi. Benoît Verhaegen, aliyekusanya na kuzichapisha hati nyingi za uasi huo, anaonyesha mchanganyiko wa sababu: ardhi, machifu, vijana wasio na kazi, siasa za mkoa na hasira dhidi ya wakubwa wapya waliovaa viatu vya wakubwa wa zamani. Lakini mchifu na karani wa sheferi walikuwa ndio waliolengwa mwanzoni, na mtu aliyewajua watu hao kwa daftari lao hakuhitaji maelezo zaidi.

Kilichofuata kina kinaya chake. Kati ya mwisho wa Juni na Julai 10, 1964, serikali ya Léopoldville iliendesha kura ya maoni juu ya katiba iliyoandikwa Luluabourg, kura ya kwanza ya namna hiyo katika nchi huru ya Kongo. Katika maeneo yaliyoshikwa na waasi haikuweza kufanyika. Uvira ilikuwa mojawapo, na haikurudi mikononi mwa jeshi la serikali hadi Oktoba. Swali la kwanza ambalo dola liliwahi kuwauliza wananchi wake moja kwa moja liliwapita watu wa Uvira kando. La pili, Juni 1967, liliulizwa chini ya Mobutu na kujibiwa "ndiyo" kwa zaidi ya asilimia 97 kwa hesabu ya serikali. La tatu, Desemba 18 na 19, 2005, lilikuwa swali la kweli, na wapiga kura zaidi ya asilimia 80 waliikubali katiba iliyotangazwa Februari 2006. Kura tatu za maoni katika miaka arobaini na moja, zote juu ya katiba. Hakuna hata moja iliyouliza kuhusu fedha inayotoka mfukoni mwa mtu.

Mchango usio wa hiari

Utawala wa Mobutu ulipanga upya kodi za mapato kwa sheria ya Februari 10, 1969, iliyogawa mapato katika mafungu matatu: ya pango, ya mitaji, na ya kazi. Sheria hiyo ilimgusa mwenye mshahara wa Kiliba au mwalimu wa Uvira, ambaye kodi yake ilikatwa kabla hajaiona. Mkulima wa Luberizi aliguswa na kitu kingine, kilichoitwa kwa Kifaransa contribution personnelle minimum.

Neno hilo contribution linastahili kuchunguzwa. Serikali ya Zaire ilipendelea kuita kodi kwa jina hilo, na hata idara yenyewe ikaitwa ya contributions hadi ilipobadilishwa jina mwaka 2003 na kurudia neno impôts. Kwa Kiswahili contribution ni mchango. Mchango, katika matumizi ya wasemaji wa Kiswahili popote walipo, ni kitu mtu anachotoa kwa ajili ya harusi, matanga au mgonjwa. Hutolewa mbele ya wenzake, huandikwa, na mtoaji ana haki ya kuuliza umetumikaje. Asiyechanga hufedheheka lakini hafungwi. Mwananchi wa uwandani aliyekamatwa sokoni kwa kukosa stakabadhi ya malipo hayo hakuwa na sababu ya kuyaita mchango, na kwa kweli hakuyaita hivyo. Aliendelea kusema kodi. Hapa lugha ya watu ilikuwa na usahihi kuliko lugha ya sheria.

Pamoja na kodi ilikuwapo salongo, kazi ya pamoja ya lazima, ambayo watu wazima waliikumbuka mara moja kwa jina lingine kutoka enzi ya pamba. Sheria za mwaka 1973 na 1982 zilizigeuza sheferi kuwa vyombo vya utawala vilivyotakiwa kujitegemea kwa mapato, na kwa kuwa fedha kutoka Kinshasa zilipungua mwaka hadi mwaka, kila chombo kikatafuta cha kutoza: baiskeli, mbuzi anayevushwa, debe la mchele, meza ya sokoni. Mabaraza ya wenyeji yalichaguliwa mwaka 1982, na tena mwaka 1987. Hizo za 1987 ndizo zilizobaki kuwa chaguzi za mwisho za ngazi ya chini kwa zaidi ya miaka thelathini na tano.

Hali hiyo haikuwa ya Zaire peke yake. Tanzania ilikuwa na kodi ya maendeleo hadi mwaka 2003, na Uganda ilikuwa na kodi ya kichwa iliyopangwa kwa madaraja hadi mwaka 2005. Katika nchi zote mbili kodi hizo zilifutwa na serikali kuu. Huko Uganda suala hilo lilikuwa limegeuka mada ya kampeni ya urais mwaka 2001, na kufutwa kwake kulitangulia uchaguzi wa 2006 kwa muda mfupi tu. Inaweza kusemwa kwamba hapo wapiga kura waliulizwa kwa njia ya kuzunguka: hawakupewa swali, ila wagombea walihofia jibu. Waliopoteza ni halmashauri, ambazo zilinyang'anywa pato zikaachiwa majukumu. Kongo haikupata hata mzunguko huo, kwa sababu mgombea wa Kinshasa hakuwa na haja ya kuogopa meza ya soko la Luberizi.

Sheria iliyopo na lugha yake

Katiba ya 2006 inasema katika ibara ya 5 kwamba mamlaka yote hutoka kwa wananchi, ambao huyatumia moja kwa moja kwa kura ya maoni au uchaguzi. Ibara ya 174 inasema hakuna kodi itakayowekwa ila kwa sheria. Ibara ya 175 inaipa mikoa haki ya kubakiza asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo, haki ambayo mikoa imekuwa ikilalamika kwamba haitekelezwi. Sheria ya Oktoba 2008 inayahesabu miji, komini, sekta na sheferi kuwa vyombo vyenye mabaraza ya kuchaguliwa na hazina zao, na miongoni mwa mapato yao inataja kodi ya mtu ya kiwango cha chini, mrithi wa moja kwa moja wa ile contribution ya Mobutu. Orodha ya vitu vinavyoweza kutozwa na mikoa na vyombo vya chini ilitolewa mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2018. Baraza la mji, hata likichaguliwa, halina ruhusa ya kubuni kodi iliyo nje ya orodha hiyo. Lakini hakuna kinacholizuia kuwauliza wakazi wake maoni kabla ya kutoza iliyomo.

Tatizo ni kwamba baraza lenyewe halipo. Amri ya serikali ya mwaka 2013 iliitaja Uvira kuwa mji, pamoja na Baraka na Kamituga. Meya alipatikana kwa uteuzi. Uchaguzi wa washauri wa komini wa Desemba 2023 ulifanyika katika komini za makao makuu ya mikoa tu, na Uvira si makao makuu ya mkoa. Mwezi Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, serikali ya Kivu Kusini ilihamia Uvira, na mnamo Desemba mwaka huohuo vita vikashuka kwa njia ya uwanda na kufika Uvira penyewe. Katika mazingira ya namna hiyo mwenye kutoza hubadilika kabla ya daftari kukauka wino. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, vya jeshi, vya idara za serikali na vya makundi yenye silaha. Na uwandani, ambapo mwami wa sheferi, Floribert Ndabagoye, aliuawa Aprili 2012, na ambapo watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule Juni 2014, swali la nani ana haki ya kutoza bado ni swali la nani ana haki ya kukaa.

Kuna jaribio moja, dogo, lililofanywa upande wa pili wa mkoa. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, kuanzia mwaka 2010 hivi, baadhi ya komini za Bukavu na vyombo vingine vya Kivu Kusini, ikiwemo sheferi ya Luhwindja, viliwaita wakazi kwa ujumbe wa simu waje mkutanoni kuamua sehemu ya bajeti itumike kwa nini: daraja, choo cha soko, paa la shule. Kodi haikuwamo katika swali. Hata hivyo taarifa za mradi zilieleza kwamba watu walianza kulipa zaidi, kwa kuwa waliona kilichofanyika. Wasomi wa fedha wametumia matokeo hayo kuthibitisha nadharia mbalimbali. Kwa mwanafunzi wa historia ya uwanda, la kuzingatia ni jambo la karibu zaidi: mikutano hiyo iliendeshwa katika lugha za watu, na hatimaye neno mchango likapata pa kukaa.

Maana ibara ya 142 ya katiba hiyohiyo inaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Lau ibara hiyo ingetekelezwa, orodha ya mwaka 2018 ingekuwa na tafsiri yake ya Kiswahili, na mfasiri angelazimika kutatua jambo ambalo msemaji hajalazimika kulitatua. Sheria ya Kongo inatofautisha impôt, anayotozwa mtu bila ya kupewa kitu mahususi; taxe, inayoambatana na huduma au kibali; droit; na redevance, anayolipa mtumiaji. Kiswahili cha Tanzania kina maneno ya kuanzia: kodi, ushuru, ada, tozo. Ushuru wenyewe ulitoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya fungu moja la kumi, kwa hiyo kiasi kilikuwamo katika jina. Katika Kiswahili cha Uvira na Bukavu, maneno mengi ya utozaji yametoka ofisini bila ya kubadilishwa: takse, patanti, vinyeti, kitansi, na jetoni ya kila siku ya sokoni. Ng'ambo ya mto Warundi husema ikori, na amakori kwa wingi. Askari wa kambini husema mpako. Kila neno kati ya hayo linaeleza ni nani anayetoza au ni karatasi gani inayotolewa. Hakuna linaloeleza mlipaji anapata nini, wala fungu gani la pato lake linachukuliwa.

Chukua, kwa mfano, swali ambalo baraza la Uvira lingeweza kuandika siku ya siku: je, wakazi wanakubali kodi ya mapato ipande kutoka kiwango fulani hadi kingine kwa ajili ya kutengeneza mifereji ya maji ya mvua? Mapato, kwa mwenye mshahara, ni hesabu ya mwisho wa mwezi. Kwa mama anayeuza samaki kutoka Kalundu hadi Luberizi, mapato ni kile anachobaki nacho baada ya jetoni ya Uvira, kizuizi cha kwanza, kizuizi cha pili na jetoni ya Luberizi. Je, anapoulizwa kuhusu asilimia, ni asilimia ya nini? Akisoma neno kodi, atafahamu kodi ya mji, ya sheferi, au ya yule aliyesimama barabarani jana? Mwandishi wa karatasi ya kura atakayemtaka ajibu hana budi kwanza kumwandikia, kwa Kiswahili anachokisema yeye, orodha ya malipo ambayo hatatozwa tena.